Mayai Ndani ya Kompyuta

Wifi alisukuma mlango kwa kiwiko, bila hodi, akamkuta Sekretari amepiga magoti sakafuni, mkono wake wa kulia umezama wote ndani ya kompyuta.

"Unaitibu au unaizalisha?"

"Funga mlango, wifi. Baridi inaingia."

"Yaani nyumba ya baba yangu, mlango wa baba yangu, halafu wewe ndiye wa kunipa amri ya kuufunga?"

"Ufunge ukiwa nje."

Mlango ulifungwa kwa kishindo kilichotingisha vioo vya dirisha. Sekretari aliganda, kiganja kikiwa juu ya mayai, akasikiliza kama kuna lililogongana na mwenzake. Hakuna. Akaendelea kuyageuza, moja moja, kutoka upande wenye alama moja ya penseli hadi upande wenye alama nyingine. Alama zenyewe zilikuwa za hatimkato, yale maandishi ya mikwaju na vitone ambayo makatibu wa zamani walijifunza ili wamwandikie bosi kwa kasi ya mdomo wake. Upande mmoja wa kila yai ulisema "asubuhi", wa pili "jioni". Mtaa mzima hakuna mwingine aliyeweza kuyasoma, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Wanawake hawa wawili waliitana wifi, kama mke na dada wa mume wanavyoitana popote pale, na adabu yao ilikomea hapo. Mume aliyewaunganisha alikwishafariki. Alikuwa mtu mpole, mpenda amani, na alipoondoka aliondoka na amani yake yote. Nyumba ilikuwa ya baba yake. Dada mtu alikaa chumba cha mbele, mjane chumba cha nyuma, na katikati kulikuwa na sebule ambayo hakuna aliyeikalia kwa raha mwenzake akiwepo. Mjane mtaani walimwita Sekretari kwa kazi aliyoifanya karibu maisha yake yote. Dada mtu aliitwa Wifi na kila mtu, hata muuza mboga asiyekuwa na undugu naye wa mbali wala wa karibu, kwa sababu ndilo jina lililosikika dirishani kutwa nzima, likitangulia maneno ambayo muuza mboga aliona vyema asiyarudie.

Kompyuta iliingia nyumbani humo siku Sekretari alipostaafishwa. Ofisi ilikuwa imeleta mashine mpya, nyembamba, za kukunjwa, na vijana wa kuzikunjua. Meneja aliagiza keki na soda, akasimama mbele ya wafanyakazi, akaweka mkono juu ya ile kompyuta ya zamani yenye skrini ya kisogo kikubwa.

"Mama yetu na mashine hii wamezeeka pamoja," alisema. "Basi tumeona tusiwatenganishe. Nendeni mkapumzike wote wawili."

Watu walicheka na kupiga makofi. Sekretari naye alicheka, maana ukipewa zawadi hadharani unacheka, na kicheko kile kilimganda usoni njia nzima ndani ya gari la ofisi. Dereva alipokwisha kuteremsha mzigo, Wifi alitoka, akauzunguka, akakigonga kisogo cha skrini kwa kidole.

"Ofisi imetupa vyuma chakavu viwili," alisema, "na vyote vimetua kwangu."

Neno hilo lilimkaa Sekretari kooni. Alimchukia Wifi kwa kulisema. Alimchukia meneja, kwa sababu ndilo alilomaanisha na keki yake. Zaidi ya wote aliichukia kompyuta yenyewe, ambayo alikuwa ameifuta vumbi kila asubuhi miaka yote ile kama vile ni mtoto wake, nayo ikakubali kupewa pamoja naye kama mzigo mmoja. Lakini kuitupa hakuweza. Kuitupa kungekuwa kutia saini chini ya maneno ya Wifi. Akala kiapo kwamba mashine ile itafanya kazi, iwe kazi gani, na yeye ndiye atakayeitumikisha.

Kazi ya kuandika iliishinda. Iliwaka kwa kunguruma, ikachukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa, kisha ikaonyesha rangi ya bluu tupu na kuishia hapo. Skrini aliifanya kioo cha kuchania nywele, kwa kuwa ikizimwa ilionyesha uso vizuri tu. Kibodi aliipakata jioni akaipiga bila kuiunganisha popote, vidole visisahau, hadi Wifi alipopaza sauti kutoka chumba cha mbele kwamba nyumba imeingia panya. Sanduku la mashine, lile ambalo ofisini waliliita sipiyu, aliliwekea vitunguu, na vitunguu vikaota. Kila kazi mpya ilimpa Wifi kicheko kipya.

Wazo la mayai lilitokana na baridi. Misimu ya baridi, ofisini, kabla ya kuanza kuchapa, Sekretari alikuwa akiegemeza viganja nyuma ya sanduku lile, pale hewa ya moto inapotokea, mpaka vidole vilegee. Asubuhi moja alikuwa uani, mikono kwapani, anamtazama kuku wa Wifi aliyejikunyata kikapuni juu ya mayai yake. "Joto ni joto," alijiambia. Akalibeba sanduku kichwani hadi kwa fundi redio wa kona.

Fundi redio alikuwa mtu aliyesahauliwa na wateja, kwa hiyo hakuuliza maswali mengi. Aling'oa matumbo ya mashine, akabakiza feni na kile kisanduku chake cha umeme, akafunga balbu, akatandika wavu wa waya, akatengeneza mahali pa kikopo cha maji. Halafu akalitoboa sanduku matundu juu na ubavuni.

"Sikiliza, mama," alisema. "Balbu inaleta joto, matundu yanatoa lililozidi. Joto likipanda, fungua matundu. Likishuka, ziba mawili matatu kwa plasta. Kazi yako ni hiyo tu. Ila ukiyaziba yote, hutaangua. Utachemsha."

Siku kadhaa aliiwasha bila yai hata moja, akawa anachungulia kipimajoto, anabandika plasta, anabandua, hadi joto likatulia pale alipotaka. Mayai tu ndiyo hakuwa nayo, na kumwomba Wifi asingemwomba hata kwa mtutu.

Kuku wa Wifi alikuwa mwekundu, mnene, na hasira zake alizichukua kwa mwenyewe. Alikuwa ameatamia zaidi ya wiki alipotoka siku moja kutafuta chochote, akavuka njia, na pikipiki ya vifurushi ikampitia mbele ya geti. Wifi alimwokota, akakaa kizingitini amempakata mapajani. Hakulia. Alimlaani mwenye pikipiki, akamlaani mama yake, akakilaani na kiwanda kilichoiunda. Sekretari alikuwa amesimama nyuma yake, na macho yake hayakuwa kwa marehemu. Yalikuwa kikapuni.

"Nipe mayai, wifi."

"Ukayakaange?"

"Nikayaangue."

Wifi aligeuka polepole. Alipoelewa, alicheka kicheko kibaya. "Kwenye lile kopo?"

"Kwenye lile lile."

"Haya, chukua. Lakini leo tuelewane, maana nimechoka. Yakiharibika, namwita mtu wa mkokoteni wa vyuma chakavu, anabeba lile sanduku, na wewe unalifuata nyuma. Kaka yangu hayupo tena wa kunishika mkono."

"Na yakianguliwa?"

Hilo Wifi hakuwa amelifikiria. Alibetua midomo. "Yakianguliwa, utakaa. Na neno la kukipangisha chumba chako hutalisikia tena kwangu."

Walishikana mikono, jambo ambalo hawakulifanya tangu siku ya mazishi. Sekretari alijua vizuri alichokiweka rehani. Ndugu aliyebaki naye alikuwa mbali, kwenye nyumba iliyojaa wajukuu hadi jikoni, na alikuwa amekwishamwambia kwa upole wa kutosha kwamba asije. Alikimbia na mayai kifuani, ndani ya blauzi, yangali na joto la kuku.

Alipokwisha kuyapanga alitoka akasimama katikati ya sebule. "Kuanzia leo chumba changu usikanyage. Na ile mashine usiiguse hata kwa ukucha."

"Nani anataka kugusa uchafu wako?"

Hapa lazima lisemwe jambo moja kuhusu nyumba ile. Wifi alikuwa mfumaji. Alifumia televisheni kitambaa, alifumia redio, jokofu, meza, migongo ya viti na mikono yake, mtungi wa gesi, mpaka rimoti ilikuwa na kijifuko chake. Uzi mweupe ulikuwa wa jikoni. Uzi wa rangi ya maziwa ulikuwa wa sebuleni, na huo hakuna aliyeruhusiwa kuushika. Kitu kisichokuwa na kitambaa ndani ya nyumba ile kilikuwa mpita njia, kinangoja siku yake ya kuondoka. Chumbani kwa Sekretari hakukuwahi kuingia kitambaa hata kimoja. Aliliona hilo wiki ya kwanza ya ndoa yake, na hakuwahi kumwambia mumewe kwamba ameliona.

Siku zikaenda. Asubuhi aligeuza mayai, jioni akayageuza, akaongeza maji kikoponi, akabandika plasta na kubandua. Wifi alimkebehi kupitia ukuta. Alimuuliza kama kuku wa kompyuta watataga namba. Aliwasimulia majirani kwamba wifi yake sasa analala na balbu kama mume. Tangu siku ile Wifi alipoingia bila hodi na kuufunga mlango kwa kishindo, Sekretari alianza kuegemeza kigoda nyuma ya mlango kila akiwa ndani. Akitoka hakuwa na cha kuegemeza, maana mlango ule haukuwa na funguo. Ufunguo wake alikuwa nao Wifi, na kuuomba ilikuwa aibu.

Mchana mmoja alisahau kigoda. Alikuwa amevuta pazia, chumba kimekuwa giza, ameshika yai juu ya tochi. Lilikuwa jekundu ndani, lina mishipa myembamba imetawanyika kila upande, na katikati doa jeusi. Doa lilitikisika. Halafu akasikia pumzi ya mtu nyuma yake.

"Kile kinachocheza ni nini?" Wifi alikuwa mlangoni, mtandio mdomoni.

Sekretari angeweza kumfukuza. Hakujua kwa nini hakumfukuza. "Mtoto wa kuku wako."

Wifi alitazama. Mguu wake mmoja ulikuwa umevuka kizingiti, na kwa muda ikawa kama na wa pili utaufuata.

"Kumbe," alisema. Kisha akakumbuka yeye ni nani. "Mbona anacheza hivyo? Si unampiga shoti huyo?"

"Toka."

Akatoka. Tangu siku hiyo ulimi wake ulizidi makali, lakini sasa alitukana huku kichwa kimeinama, sindano ya kufumia inakwenda mbio mkononi, na Sekretari akipita aliisukumia kazi chini ya mto wa kiti. Mara moja Sekretari aliuona uzi. Ulikuwa wa rangi ya maziwa. Akaelewa, au alidhani ameelewa: mwenzake ameshaanza kukipamba chumba cha nyuma kwa ajili ya mpangaji atakayekuja. Usiku na mchana aliombea mayai yale kwa moyo ambao hakuwahi kuombea kitu kingine, na nusu ya sala zake zilikuwa ni kumwonyesha Wifi.

Zilikuwa zimebaki siku chache tu aliposikia kwamba duka moja la kuchapa na kutoa nakala linatafuta mtu. Alivaa sketi yake ya ofisini. Alichungulia kipimajoto, akafungua matundu zaidi kwa kuwa jua lilikuwa kali, akarudishia mlango, akaenda.

Mwenye duka alikuwa msichana mchangamfu, mwenye heshima zake. Alimpa ukurasa achape. Sekretari aliuchapa bila kuangalia vidole, mgongo umenyooka, na hakuna neno lililohitaji kufutwa.

"Mama, unachapa vizuri mno," msichana alisema, na ilionekana anamaanisha. Halafu akachukua simu, akaisemesha sentensi mbili, na maneno yakajipanga yenyewe kwenye kioo. "Ila siku hizi tunafanya hivi. Usijisikie vibaya, mama yangu. Nikuletee maji ya baridi?"

Aliyanywa maji yote, akarudisha glasi, akaaga. Upole wa msichana yule ulimuuma kuliko matusi ya Wifi, maana Wifi angalau alijibika. Njiani alijikaza akafikiria mayai tu. Alipanga kwamba kifaranga cha kwanza atakichukua kikiwa bado na unyevu, akiweke juu ya kile kitambaa cha kiti cha Wifi, na akiache hapo kifanye haja zake kwa nafasi. Akacheka peke yake, watu wakamtazama.

Aliisikia feni kabla ya kushika mlango. Ilikuwa inalia kwa sauti ya juu, ya kukabwa. Alisukuma, akaingia, na mwanzoni hakuelewa alichokuwa anakiona. Kompyuta ilikuwa imevaa. Ilikuwa imevishwa kitambaa cha rangi ya maziwa kuanzia juu hadi chini, kimekaza kila upande, kizito, kimefumwa mpaka mwanga haupenyi, pindo lake limetiwa marinda. Ilipendeza.

Alikivuta kwa mikono miwili, akakitupa. Joto lilimpiga usoni. Mstari wa kipimajoto ulikuwa umepita alama zote alizozijua. Alibandua plasta zote, akafungua ubavu wa sanduku, akapepea kwa kitu cha kwanza kilichomjia mkononi, na kilikuwa kibodi. Kisha akavuta pazia, akachukua yai. Lilikuwa la moto kama limetoka sufuriani. Akalimulika. Doa jeusi lilikuwepo. Halikutikisika. La pili, halikutikisika. La tatu alilishika muda mrefu, akalizungusha, akalisemesha, na nalo likabaki vile vile. Hakuweza kumulika la nne.

"Wifi!"

Wifi alifika upesi mno, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuitwa. Alikuwa amejifunga mtandio vizuri, na usoni alikuwa na kitu ambacho Sekretari alikuja kukifikiria sana baadaye. Wakati ule alimwona adui tu.

"Umeyapika!"

"Nimefanya nini?"

"Umeyapika! Matundu haya ndiyo yanatoa joto, nawe umeyaziba yote! Umengoja nitoke, ukaja kuyaua ili unitoe nyumbani!"

Wifi alitazama kitambaa kilichokunjamana sakafuni. Akatazama sanduku, akatazama yai mkononi mwa mwenzake. Midomo ilifunguka. Lilikuwepo neno, na kama angelitoa pale pale pengine siku ile ingekuwa nyingine. Lakini maneno ya namna hiyo hawakuwahi kuambiana, na hakujua mtu analianzia wapi.

"Kila kitu humu ndani kina kitambaa," alisema mwishowe.

"Nilikwambia usiiguse!"

"Uliniambia nisiiguse. Hukuniambia kwa nini."

"Ningekwambia ungeyaua mapema zaidi!"

Hapo uso wa Wifi ukafunga. "Basi ndiyo. Nimeyapika. Mayai yangu, ya kuku wangu, nimeyapika mwenyewe. Umeridhika? Kesho mkokoteni unakuja."

"Uje. Hata leo uje."

Jioni ile Sekretari alipanga nguo zake ndani ya begi alilokuja nalo akiwa bi harusi. Alilia kwa hasira, kisha akalia kwa kuchoka. Balbu haikuzimwa. Joto liliposhuka na kurudi mahali pake, mikono yake ilibandika plasta mbili, ikageuza mayai, ikaongeza maji. Alijiambia hiyo ni mazoea tu.

Asubuhi mtu wa mkokoteni alipiga chuma getini. "Mzigo uko wapi, akina mama?"

Sekretari alisimama, akachukua begi. Kitambaa bado kilikuwa sakafuni, kando ya kitanda. Akainama akakiokota, kwa nia moja tu: apite sebuleni, amtupie Wifi usoni, ndipo aondoke. Alikikunja ili kiwe na uzito wa kurushwa, na kidole chake kikapita kwenye tundu.

Lilikuwa tundu dogo, refu, limezungushiwa uzi mara mbili lisichanike. Alikifungua kitambaa, akakishikiza kwenye sanduku. Tundu lilikaa juu ya swichi, sawasawa. Nyuma kulikuwa na kitanzi cha kupitishia waya. Na kwenye kona moja ufumaji ulikuwa umeingia ndani kidogo, umepunguzwa, pale pale sanduku lilipobonyea siku dereva wa ofisi alipoliangusha akiliteremsha. Kibonyeo hicho hata fundi redio hakukiona. Mtu aliyekifuma kitambaa hiki alikuwa ameingia humu mara nyingi, kila Sekretari akienda sokoni, akakaa hapa chini na utepe wake wa kupimia, akapima bila kugusa. Na alitumia uzi wa sebuleni.

Mtu akitaka kuziba matundu, gunia linatosha.

Sekretari alikaa kitandani. Aliona aibu, na aibu ikamkasirisha upya, kwa sababu chuki yake alikuwa ameizoea, alijua inakaa wapi, na sasa ilikuwa imeondolewa chini yake bila yeye kuulizwa. Aliinuka akaenda sebuleni na kitambaa mkononi. Wifi alikuwa amekaa wima, amempa mgongo, anatazama televisheni iliyozimwa.

"Umeacha tundu la swichi," Sekretari alisema.

"Sasa ungeiwasha vipi?" Hakugeuka.

"Na pale ilipobonyea."

"Mimi sifumi ovyo."

Mtu wa mkokoteni alichungulia mlangoni. "Akina mama, nina safari nyingine mimi. Mzigo upo au haupo?"

Wifi aliingiza mkono chini ya mto wa kiti, akatoa mkasi na sindano yake. Alimpora Sekretari kitambaa, akampita bila kumtazama, akaingia chumba cha nyuma bila hodi, kama kawaida yake, akapiga magoti mbele ya kompyuta. Magoti yake yalilia.

"Matundu yako wapi?"

Sekretari alipiga magoti upande wa pili. "Haya hapa juu. Hadi hapa. Na huku ubavuni yote."

"Yote?"

"Yote."

Wifi alikitandaza kitambaa juu ya goti, akapima kwa macho, akakata uzi mmoja. Kisha akaanza kufumua. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwona akifumua kazi yake. Uzi ulitoka kwa mikunjomikunjo, ukarundikana sakafuni, na Sekretari, bila kuambiwa, akaushika ncha akaanza kuuzungushia vidoleni usije ukatatana.

"Usiukaze."

"Siukazi."

"Unaukaza." Wifi alifumua mstari mwingine. "Yamekufa yote?"

"Sijui. Nilimulika matatu."

Wifi alinyanyua kichwa. "Matatu? Kelele zote zile ni za mayai matatu?"

Nje, mtu wa mkokoteni alisonya, akagonga chuma chake mara moja, akanyamaza. Muda wa kugeuza ulikuwa umepita kitambo. Sekretari aliacha uzi ukining'inia vidoleni vya mkono wa kushoto, akaingiza mkono wa kulia ndani ya sanduku, chini ya balbu, akaanza kuyageuza moja moja.

"Na lile la pembeni," Wifi alisema.

"Nimeliona."

Mkono ulifika pembeni, ukalishika yai, ukakaa hapo hapo bila kuligeuza. Chini ya kidole, ganda liligongwa kutoka ndani. Wifi aliacha kufumua.